Risiti imebaki nyeupe? Weka pasi chini kwanza

Pole mkuu. Umesema mwenye nyumba alikuandikia kwa mkono risiti ya kodi ya miezi sita, ukaiacha kwenye dashibodi, gari likashinda juani, ukaikuta nyeupe pee. Na humu nusu ya wachangiaji wanakwambia uipige pasi, eti maandishi ya siri hutokezwa na moto. Usithubutu!

Hao wanawaza limau. Maji ya limau huungua kabla ya karatasi yenyewe, ndiyo maana yakipata joto yanageuka kahawia. (Jasusi wa Wajerumani, Carl Muller, alipigwa risasi Tower of London mwaka 1915, na limau alilokutwa nalo, alilolitumia kama wino wa siri, lilikuwa ushahidi dhidi yake.) Yako ni kinyume chake. Uliandikiwa kwa kalamu ya kufutika, zile kama FriXion za Pilot: wino wake unapoteza rangi ukifika nyuzi 60 hivi. Kile kimpira cha nyuma hakifuti kitu, kinasugua tu mpaka wino upate joto. Rangi bado ipo kwenye karatasi, na baridi kali huirudisha: huanza kujitokeza kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri.

Nalijua hili kwa aibu. Nikiwa karani kwa wakili, nilipeleka makubaliano ya kiwanja yakalaminetiwe. Yaliingia mashineni na maandishi, yakatoka na mihuri ya dole gumba tu. Mteja nusura anipige. Tukayalaza friza usiku kucha. Asubuhi yamerudi, yamepauka kidogo lakini yanasomeka.

Kabla ya friza, zima taa, laza tochi ubavuni mwa karatasi upige picha: utaona mifereji iliyoachwa na ncha ya kalamu. Kama aliandikia kwenye daftari, ukurasa wa chini yake nao una alama hizo. Usizipake penseli kama kwenye sinema, wala usiloweshe karatasi. Wataalamu wa maandishi hufunika karatasi kwa plastiki nyembamba, wakaichaji umeme tuli na kumwaga unga wa tona (wino wa unga wa mashine za fotokopi), ukajipanga kwenye mifereji hata isiyoonekana kwa macho. Ukishachora au kulowesha, umewaharibia. Kama unaona mambo yatafika polisi, ishia kwenye picha, wapelekee wao.

Vinginevyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, friza usiku mzima. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka umande ukauke. Piga picha haraka, kisha umwombe mwenye nyumba akuandikie nyingine. Kalamu uende nayo wewe.