Usiweke statiki pale klasi mtoto inapotakiwa kujiamulia

Kuna mama anayefanya biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Nilimwandikia programu ndogo ya risiti kwa lugha ya PHP. Nilianza na klasi Samaki, yaani kiolezo cha kutengenezea obyekti (vitu vya ndani ya programu). Ilikuwa na methodi, yaani kazi, mbili za statiki, zinazoitwa kwa jina la klasi bila kutengeneza obyekti: kipimo(), inayorudisha "kilo", na risiti(), inayoiita ile ya kwanza kwa self::kipimo(). Kisha nikatengeneza klasi mtoto, Dagaa, inayorithi methodi za Samaki, nikaipa kipimo() yake inayorudisha "gunia", maana dagaa wake wakavu huwauza kwa gunia. Nikajaribu Dagaa::kipimo() peke yake, ikatoa "gunia". Nikaridhika.

Kesho yake asubuhi mama akanipigia simu. "Mwanangu, mteja kanirudishia karatasi. Hapa pameandikwa kilo 12. Mimi nimempa magunia 12."

Nilihangaika saa nzima kwenye hifadhidata, kumbe kosa halikuwa huko. Neno self hutazama klasi ambamo limeandikwa. Kwa kuwa risiti() ilikaa ndani ya Samaki, self ikabaki kuwa Samaki hata nilipoita Dagaa::risiti(). Tangu PHP 5.3 ya mwaka 2009 tunayo static::, inayotazama klasi iliyoitwa. Nikabadilisha neno hilo moja, gunia likarudi.

Kwenye lugha ya Java dawa hiyo haipo. Ukiandika Samaki s = new Dagaa(), kisha s.kipimo() ikiwa ya statiki, utapata "kilo": kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika, huangalia aina uliyoitangazia kigeu s (hapa Samaki), haijali obyekti iliyomo. Methodi ya mtoto inaificha tu ya mzazi, haichukui nafasi yake. Ndiyo maana nakusihi uzoee kuandika @Override, alama inayoiambia kompaila kwamba methodi hii inachukua nafasi ya ile ya mzazi. Ukiibandika juu ya methodi ya statiki, kompaila inakataa papo hapo, kabla risiti haijafika kwa mteja. Kwa wa Python, tumia @classmethod, inayopokea klasi iliyoitwa. Ile @staticmethod haipewi klasi yoyote.

Hata hivyo, mimi sasa naanza na swali: je, kuna siku klasi mtoto itataka kujibu kwa namna yake? Kugeuza gramu kuwa kilo ni kulekule kwa samaki yeyote, basi iwe statiki. Kipimo cha kuuzia hutofautiana, basi kisiwe. Mwishowe niliondoa statiki kwenye methodi zote mbili, nikatumia $this, yaani obyekti yenyewe iliyoitwa. Mama alipoanza kuuza migebuka kwa idadi, niliongeza klasi Mgebuka na kipimo() yake. Ile risiti() sikuigusa.