Mke wangu akicheka anaanguka: je, modafinili peke yake inatosha?

Swali: Dokta, jambo. Niko Kadutu, hapa Bukavu. Mke wangu ana miaka 28, anauza sambaza (dagaa wa ziwani) sokoni. Mwaka wa tatu sasa usingizi unamshika hata mbele ya wateja, na akicheka sana magoti yanalegea, anaanguka, ingawa anasikia kila kitu. Kwenye kituo cha afya walisema ni kifafa, wakampa fenobarbitali. Akazidi kulala tu. Mwaka jana daktari wa ubongo huko Kigali alisema ni narkolepsi (ugonjwa wa usingizi wa ghafla) yenye katapleksi (misuli kulegea ukicheka), akamwandikia modafinili, dawa ya kumweka macho, miligramu 200 asubuhi, na klomipramini, ya kuzuia kuanguka, miligramu 25 usiku. Akapata nafuu kabisa. Juzi klomipramini iliisha, tukaona modafinili itatosha. Siku ya tatu ameanguka zaidi ya mara kumi. Ugonjwa umepanda? Tuongeze modafinili?

Jibu: Papa, pole, na umfikishie Mama pole yangu. Modafinili msiiongeze. Kilichomwangusha ni klomipramini kukatika ghafla. Mwili ulioizoea ukinyimwa mara moja, kuanguka hurudi kwa nguvu kuliko kabla ya tiba, na kuna wanaolegea kwa saa nzima, wakisimama wanaanguka tena. Hali hiyo hutulia yenyewe baada ya siku kadhaa au wiki, lakini sitaki mngoje. Mpigieni daktari wake leo hii ili airudishe, kwa kipimo kilekile; asimeze viwili kufidia siku zilizopita. Kwa sasa asibebe beseni kichwani, asikaange sambaza, asishuke ziwani peke yake.

Kwa nini dawa mbili? Ndani ya ubongo kuna seli chache zinazotoa oreksini, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1998, inayotuweka macho. Kwa wagonjwa kama Mama, seli hizo zimekufa karibu zote. Usiku, tukiota ndoto, ubongo hulegeza misuli ili tusirukeruke kitandani. Oreksini ikikosekana, ulegevu huo wa ndoto hupenya mchana, na kicheko ndicho kinachoufungulia mlango. Ndiyo maana anaanguka huku akili iko macho, na ndiyo maana dawa za kifafa hazikumfaa.

Modafinili hupambana na usingizi, kuanguka haikugusi. Klomipramini ni dawa ya zamani ya huzuni, lakini huzuia ule usingizi wa ndoto, na miligramu 10 hadi 75 kwa siku huwatosha wengi. Ulaya na Marekani kuna pitolisanti, na kuna oksibati ya sodiamu inayonywewa mara mbili usiku, gramu 4.5 hadi 9 kwa jumla. Hizo hutibu yote mawili, ila oksibati ikikutana na pombe, hata kasiksi (pombe ya ndizi), inaweza kuzima pumzi. Mimi nisingewahangaisha kuzitafuta.

Ningemwomba daktari jambo lingine: kama klomipramini inakatikakatika kwenye famasi zenu, afikirie fluoksetini, dawa nyingine ya huzuni. Hutoka mwilini polepole, kwa hiyo siku mbili tatu za kuikosa hazimwangushi mtu vile. Lakini abadilishe yeye mwenyewe, kwa sababu fluoksetini hupandisha klomipramini kwenye damu na hazichanganywi kiholela. Tramadoli pia, ile watu wanayonunua kwa maumivu ya mgongo, asiiguse: ikichanganyika na dawa hizi inaweza kuleta degedege.

Kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kulinyamazia. Modafinili hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, hata miezi miwili baada ya kuiacha, na inashukiwa kumdhuru mtoto tumboni. Kondomu au kitanzi cha shaba havina shida hiyo. Kama hedhi ya Mama imechelewa, apime mimba kabla ya kumeza modafinili ya kesho asubuhi, na jibu likiwa ndiyo, daktari ajue siku hiyohiyo.