Anza na kikombe: ushauri kwa anayechambua picha ya kubizimu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimepewa kazi ya kuchambua picha ya kubizimu ya mwanamke aliyeketi. Naona vipande vipande tu. Nianzie wapi?" Kubizimu ni mtindo wa uchoraji unaoonyesha vitu kana kwamba vimekatwa vipande vya pembepembe. Jibu langu limekuwa refu, nikaona niliweke hapa, maana wengi wetu tunaotaka kuandika kuhusu sanaa hukwama palepale.

Picha yangu ya kwanza kuichambua ilikuwa Le Goûter ya mchoraji Mfaransa Jean Metzinger, ya mwaka 1911, ambayo sasa iko Philadelphia, Marekani. Mhadhiri wangu wa wakati ule aliisoma insha yangu mbele ya darasa, kisha akauliza mtu wa kwetu ana lipi la kusema juu ya picha kama hiyo. Liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Usiku uleule niliifungua tena kwenye kompyuta, nikaikuza, nikakaa nayo.

Mwanamke ameketi mezani, karibu uchi, kijiko mkononi. Mbele yake kuna kikombe na kisahani. Kitazame kikombe hicho: nusu yake unaiona kwa ubavu, kama mgeni aliyeketi naye, nusu ya pili unaiona kutoka juu, kama aliyesimama kumwinamia. Sasa panda usoni. Mambo ni yaleyale, uso unakutazama na papo hapo umegeuka ubavu. Hapo ndipo nilipoelewa. Mchoraji hakumvunjavunja mtu, alimzunguka. Metzinger mwenyewe aliandika mwaka huohuo kwamba wachoraji wenzake wamejiruhusu kukizunguka kitu wanachokichora. Rangi nazo, kahawia na kijivu, zimetulizwa ili jicho lifuate maumbo. Mkosoaji André Salmon aliiita picha hiyo Mona Lisa mwenye kijiko, na ninamwelewa: mwanamke huyo ametulia kabisa huku kila kitu kinachomzunguka kikigeuka.

Uchambuzi nilioandika upya ndio ulionipatia kazi yangu ya kwanza ya uandishi yenye malipo. Najivunia. Na anayesema sanaa hii haituhusu akumbuke kwamba Picasso, mmoja wa waanzilishi wa kubizimu, alivitazama vinyago vya Afrika kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, mwaka 1907, kabla kubizimu haijapata hata jina.

Basi ndugu yangu, tazama kwanza. Usikimbilie nadharia, usikimbilie maneno makubwa. Tafuta kitu kimoja unachokitambua, kiwe mkono, kiti au kikombe, na ueleze umesimama wapi unapokiona. Ukihisi umemaliza kutazama, tazama tena. Usikubali mtu akuambie macho yako hayatoshi. Yanatosha, ila yape muda. Maisha ya mchoraji yaweke mwishoni, na yasizidi aya moja.