Niliyemtuma Mwaloni ni mimi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unauliza mjomba wako alikosa nini: miezi kumi hajagusa unga, hiyo heroini, kanenepa, karudi hadi kwaya, halafu ghafla karudia. "Mama, hakuwa na nia?" Nia alikuwa nayo. Arosto, yale mateso ya mwili unapodai unga, aliimalizia kwenye chumba chako cha zamani, wiki nzima anatapika na kutetemeka kwenye lile godoro la maua, mimi namshikia ndoo. Asiye na nia havumilii vile.

Watu wanadhani arosto ikiisha, kazi imeisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali, baada ya wiki inalegea. Hamu ni kitu kingine, nayo haina wiki.

Unakumbuka mbwa wa Pavlov niliyekuwa nikimchora ubaoni, mkacheka kwamba ni mbuzi? Miaka 26 nimefundisha hilo: mbwa akizoeshwa kengele kabla ya chakula, mwisho kengele peke yake inamtoa mate. Ubongo wa teja ni hivyohivyo. Dopamini, ile inayomsukuma mtu akifuate kitu, huanza kumwagika kwa dalili tu, kete ya unga haijafunguliwa bado. Na yule mbwa ukimpigia kengele bila chakula hadi mate yakauke, ukampumzisha, kisha ukaipiga tena, mate yanarudi. Hilo nalo limo kwenye notisi zangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Na bado mwezi wa saba nikamwambia, "Nenda Mwaloni kaniletee madebe mawili ya dagaa." Nilitaka kuokoa elfu chache. Mwaloni, mwanangu, soko lile lile la samaki kando ya ziwa! Alikobeba magunia miaka sita, akavutia nyuma ya mitumbwi. Alipochelewa nikamfuata. Nilimkuta penye mizani, dagaa wameshapimwa, gunia amelikumbatia kama mtoto. Kijana mmoja pembeni akawasha kiberiti, sigara tu, sigara ya kawaida. Nikamwona mjomba wako anameza mate. Shati likamlowa mgongoni palepale, na upepo wa ziwa ulikuwa unavuma. Akasema, "Dada, twende." Tukaenda. Njia nzima najisifu moyoni kwamba kijana ameshinda. Siku ya nne hakurudi kulala.

Mimi nimesema tangu bibi yako yu hai: mtu haachi kitu, anaacha mahali. Askari wa Marekani waliozoea heroini kule Vietnam, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi kwao mwaka 1971. Katika kila mia waliokuwa wamenasa, kama 5 tu walinasa tena mwaka wa kwanza. Walikuwa wameiacha Vietnam nyuma yao. Mahali, mwanangu, mahali.

Ila nikilala najibishana mwenyewe. Yule mwenzake wa kuvuta, wa Igoma, hajahama popote. Kila asubuhi anakwenda kunywa methadoni, ile dawa ya wanaoacha unga, kisha anaingia kwenye bajaji yake, na huu ni mwaka wa pili. Methadoni inashika palepale heroini iliposhika, kwa hiyo arosto haimpati, wala hahangaiki kutwa kutafuta kete. Halafu sisi Mwaloni tuihamishie wapi? Harufu yake imo kwenye sufuria yangu.

Umesema unataka kumchukua huko Dodoma. Sikukatazi. Dodoma angalau haina ziwa. Lakini hili usilichukulie mzaha: mwili uliokaa miezi kumi umeshasahau kuhimili. Kipimo kile kile cha zamani, ambacho zamani kilimlegeza tu, sasa kinaweza kumkata pumzi. Akikaa chooni muda mrefu na haitiki, vunja mlango. Mlango tutanunua mwingine.

Kama ataacha kabisa? Hilo usiniulize. Ukinibana sana nitasema… hapana, nisiseme, nimeshakosea mara moja pale penye mizani. Jana alikuja, amekonda. Akala, akaosha sahani yake, akauliza ile dawa ya mwenzake wanaanzaje kuipata. Kauliza mwenyewe, sikumchokonoa. Kesho asubuhi nitamsindikiza, tutapita njia ya juu.

Dagaa siku hizi nanunua gengeni. Bei juu na wana mchanga. Ukija Desemba utawala hivyohivyo.

Mama yako