Mbona Aliachia Pete na Njia Ilikuwa Nyeupe?

Maswali ya Wasomaji: Michezo

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilikuwa saluni Sinza nikisubiri zamu yangu ya kusukwa, na msusi alikuwa akitazama kwenye simu marudio ya mechi ya wanawake wa Kanada na Ufini, wakiteleza juu ya barafu huku wakigombania kitu cha bluu cha duara ambacho hakikuwa mpira. Mchezaji mmoja alimpokonya mpinzani, akabaki peke yake na njia nyeupe hadi golini, lakini alipoukaribia mstari wa bluu akapunguza mwendo, akangoja mwenzake apite, ndipo akampa. Saluni nzima ilimwita mwoga. Je, huo ni mchezo gani, na kwa nini hakwenda kufunga mwenyewe? Tena, mbona msusi anadai kwamba fainali huwa ni ya hao hao wawili?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, yule dada hakuwa mwoga hata kidogo. Alikuwa akitii sheria ambayo ndiyo roho ya mchezo wenyewe. Mliokuwa mkiutazama unaitwa ringeti, na kile cha duara ni pete ya mpira yenye tundu katikati. Mchezaji hushika gongo lililonyooka lisilo na kikono mwishoni (la kuchezea, ndugu zangu, si lile la kunywa), akalichomeka ncha yake ndani ya tundu la pete na kuikokota, na anayetaka kumpokonya hulipiga gongo hilo kutoka chini kwenda juu hadi pete ichomoke. Kupigana vikumbo, ambako katika magongo ya barafuni ya wanaume hushangiliwa, huku hakuruhusiwi.

Sasa tuje kwenye ule mstari. Uwanja wa barafu una mistari miwili ya bluu inayougawa katika sehemu tatu, na hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuuvuka wowote kati ya hiyo akiwa na pete: ni lazima aisukume upande wa pili na mwenzake wa timu aipokee. Aliyecheza netiboli shuleni ataelewa upesi, kwa sababu nako uwanja una sehemu tatu, mpira haurushwi kuipita sehemu nzima bila kuguswa, na mwenye mpira hupewa sekunde 3 tu za kuuachia. Tofauti ni kwamba mwana netiboli husimama na mpira, ilhali mwenzake wa ringeti yumo katika mwendo wa kasi juu ya chuma chembamba, kwa hiyo uamuzi wa nani apewe, na lini, hufanywa huku mistari ikimjia. Mngemwona akivuka peke yake, mngekuwa mmeona kosa na wala si ushujaa. Mtu mwenye mbio kuliko wote akikosa wenzake wa kumwandama, mbio zake zinaishia pale pale kwenye rangi ya bluu.

Sheria nyingine zinasukuma upande huo huo. Timu ina sekunde 30 za kupiga golini tangu iipate pete. Golikipa ana eneo lake la nusu duara ambalo mwingine haingii, naye akiidaka pete ana sekunde 5 za kuitoa. Karibu na goli, kila timu huruhusiwa wachezaji 3 tu mbali na golikipa, hivyo hakuna ule msongamano wa kona tunaouona kwenye kandanda.

Kuhusu asili yake, ringeti ilibuniwa mwaka 1963 huko North Bay, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, na Sam Jacks, aliyekuwa msimamizi wa burudani za mji huo na aliyeona kwamba wasichana hawakuwa na mchezo wao wa majira ya baridi wakati kumbi za barafu zilikuwa mali ya wavulana. Sheria za mwanzo zilifanyiwa majaribio katika mji wa Espanola, zikisimamiwa na Red McCarthy. Ufini iliupata mwaka 1979 kupitia Juhani Wahlsten, aliyekuwa mchezaji wa magongo ya barafuni, ambaye aliuanzisha katika mji wa Turku.

Msusi wako hakukosea. Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1986, na ubingwa wa dunia ulichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 huko Gloucester, Ontario, ambapo Kanada ilileta timu zaidi ya moja na ile ya Alberta ikatwaa kombe, ambalo limepewa jina la Sam Jacks. Ufini ilishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1994 mjini Saint Paul, Marekani, kisha ikaja kuwazoea kabisa wenye mchezo: ilitwaa ubingwa wa timu za wakubwa Tampere mwaka 2010, Helsinki 2016, Mississauga 2017 na Burnaby 2019. Uchungu mkubwa kwa Wakanada naamini ulikuwa ule wa mwisho wa mwaka 2013 na mwanzo wa 2014, walipowaandalia wageni mashindano pale pale North Bay, miaka 50 baada ya mchezo kuzaliwa, na Wafini wakaondoka na kombe. Ufini ina watu wapatao milioni 5.5, karibu sawa na mkoa wetu wa Dar es Salaam, ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu milioni 5.38. Uswidi, Marekani, Jamhuri ya Cheki na Slovakia hushiriki pia, lakini pengo ni kubwa, na kusema kweli baadhi ya mechi zao hazina utamu.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha netiboli katika shule moja ya sekondari wilayani Temeke. Je, mchezo huu unaweza kuchezwa bila barafu?
Mwalimu, Temeke

JIBU: Mwalimu, barafu tuliyonayo ni ile ya Feri inayopondwa kufunikia samaki, na ukumbi wa kutelezea ulio jirani nasi ni ule wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Hata hivyo, Wakanada wenyewe wana ringeti ya sakafuni, inayochezwa kwa viatu vya raba ndani ya ukumbi wa mazoezi, na kanuni ya kutoa pasi kwenye mistari ni ile ile. Uwanja wako wa netiboli wa mita 30.5 kwa 15.25 ni mdogo, lakini tayari una mistari miwili inayoukata mara tatu. Tafuta pete nyepesi ya mpira na fimbo zilizonyooka zilizofungwa kitambaa nchani, uwagawe wasichana watano watano pamoja na golikipa, na usiwaambie chochote kuhusu kupiga goli mpaka wawe wameivusha pete mistari yote miwili, kwenda na kurudi, bila mmoja wao kuvuka nayo.