Daraja Lenye Barafu, na Majeruhi Ndani ya Gari

SWALI: Asubuhi ya baridi kali gari liliniteleza darajani, ilhali barabara yote ilikuwa salama na lami ilionekana imelowa tu. Breki ni nzima, tairi hazina kipara. Tatizo ni nini?

JIBU: Daraja hupigwa na hewa baridi juu na chini, ndiyo maana huganda mapema kuliko barabara iliyolala ardhini. Ulichodhani ni maji ni utando wa barafu, mwembamba kiasi cha kuonyesha rangi ya lami. Joto la nje likishuka hadi nyuzi 3, shuku kila daraja na kila penye kivuli, na upunguze mwendo kabla hujafika. Likiteleza, toa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, geuza usukani huko taratibu. Ukilazimika kusimama na gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki), kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, hata pedali ikitetemeka.

Tairi nazo zichunguze. Mpira wa tairi za kiangazi hukakamaa chini ya nyuzi 7, hata kama ni mpya. Tairi za baridi zibadilishe kashata zake, yaani vinundu vya mpira vinavyoshika barabara, zikibaki na kimo cha milimita 4.

SWALI: Nikikuta gari limeacha njia kwenye theluji na dereva anavuja damu, nimtoe?

JIBU: Usimtoe, kwa kuwa huenda ameumia shingo, isipokuwa kuna moto au hapumui. Ila jilinde kwanza, maana gari la pili huteleza palepale lilipotelezea la kwanza. Egesha mahali salama, washa hazadi, vaa kizibao cha kuakisi, weka pembetatu angalau mita 45 nyuma, na mbali zaidi penye barafu. Piga simu ya dharura. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Zima injini ya gari lililopata ajali.

Kisha kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunuafunua kuchungulia. Hapa wengi husahau baridi, na ni kosa kubwa: damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri. Mfunike blanketi, mvike kofia, ziba dirisha lililovunjika. Kama yuko chini, tandika kitu kati yake na theluji. Pombe asipewe kabisa.

Asipopumua, mtoe, mlaze chali sehemu ngumu, bonyeza katikati ya kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Waokoaji wakifika, waambie ulianza saa ngapi.