Fumbo la kumtoa malkia sadaka

Umeuliza mafumbo ya sataranji (chess) ya kutoa kete sadaka hadi chekimeti, yaani mfalme anashambuliwa na hana pa kutokea, unayaanzaje bila kubahatisha. Mi naanza na mfalme wa mpinzani, naangalia ana viwanja vipi vya kukimbilia na vipi vimezibwa na kete zake mwenyewe, ndo nakuja kwenye cheki zote, yaani hatua zinazomshambulia mfalme, hata zile zinazoonekana za ajabu kabisa.

Chukua hii (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni ya mlalo): mweusi ana mfalme g8, ngome d8, pawni g7 na h7. Mweupe ana malkia c4, farasi f7. Peleka farasi h6, hapo ni cheki mbili kwa mpigo, ya farasi mwenyewe na ya malkia aliyefunguliwa njia, pawni ya g7 inatamani kumla farasi ila haiwezi maana malkia naye bado anampiga mfalme, kwa hiyo lazima mfalme ahame. Akienda f8 malkia anatua f7 mchezo umeisha, basi anakimbilia h8. Sasa ndo utamu wenyewe, malkia g8 cheki! Mfalme hawezi kumla sababu farasi wa h6 analinda, ngome inalazimika kula, na ikishakula imemzibia mfalme wake kabisa, farasi anarudi f7, chekimeti. Lucena, mwandishi Mhispania wa kitabu cha sataranji, alishaiandika tangu 1497 na bado inanisisimua kila nikiiona.

Ila usiguse kete kabla hujaona yote kichwani, na kila hatua jiulize mpinzani ana majibu mangapi, yakizidi mawili matatu rudi utafute cheki nyingine kwanza.